Sabasaba inakaribia na kifua kimeanza kujaa. Wenzangu, tarehe hizi mnazibeba vipi?

Mama wa Sakitu (Njombe), 29 Juni 2025

Habari za jioni wapendwa. Shikamooni wakubwa. Mimi humu huwa nasoma tu, leo nimeona niandike, maana jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu na nyumbani sina wa kumwambia.

Binti yangu wa pili ana miaka sita. Ana kichwa maji, na amewekewa shanti, ule mpira unaotoa maji kichwani na kuyashusha tumboni. Alizaliwa tarehe 14 Machi 2019, kilo tatu na ushee, analia mpaka wodi nzima inacheka. Mwezi wa pili nikaanza kuona kofia alizofumiwa na bibi yake hazimwingii tena. Nikampeleka zahanati mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa kichwa ni cha ukoo, si baba yake naye ana kichwa kikubwa? Nikarudi na mtoto wangu mgongoni, nikanyamaza.

Tarehe 27 Juni, siku ya Alhamisi, nilienda kituo kingine. Kulikuwa na dada mmoja pale, wala hakuwa daktari. Akachomoa futi ya fundi cherehani kwenye mfuko wa koti, akaizungusha juu ya nyusi za mtoto, akasoma. Akaizungusha tena, akasoma tena. Sentimita 46. Akasema watoto wengi wa umri ule wanakuwa kwenye 40 hivi. Rufaa aliiandika bila kunitazama usoni.

Tukapanda basi la alfajiri tarehe 1 Julai. Julai ya huku wenyeji mnaijua, nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu. Nilimfunga mablanketi matatu. Tuliposhuka Kitonga nikatoa moja, Mikumi nikatoa la pili, tunafika Ubungo jioni amebaki na kifulana na mimi natiririka jasho. Baba yake alibaki nyumbani, viazi havijatoka shambani na mkubwa wetu alikuwa na miaka minne tu.

Upasuaji ulipangwa tarehe 8, Jumatatu, pale MOI Muhimbili, taasisi ya mifupa na ubongo. Kwa hiyo usiku wa kuamkia upasuaji ulikuwa usiku wa Sabasaba. Nesi akaniambia kuanzia saa tisa usiku mtoto asiguse ziwa. Saa tisa kasorobo nikamnyonyesha mara ya mwisho. Ilipofika saa kumi na moja akaanza kutafuta. Mliolea mnaijua ile, anageuza uso, anapekua kifuani mdomo wazi. Nikamgeuzia mbele, mgongo wake kwangu, ili asinuse maziwa. Maziwa nayo hayajui habari za upasuaji, yalikuja tu, yakalowesha kanga mpaka kiunoni, na yeye analia, na mimi nazunguka koridoni namwambia nisamehe mama, nisamehe mama. Saa tatu asubuhi wakamchukua.

Mpaka leo redio ikianza kutangaza maonyesho ya Sabasaba, kifua kinajaa. Aliacha kunyonya zamani, sasa hivi meno ya mbele yanang'oka, lakini kifua kinajaa kama siku ile.

Na si hiyo peke yake. Tarehe 19 Novemba 2020 mpira uliziba, akatapika tangu asubuhi, jioni ukimwita anafungua jicho moja tu. Tarehe 3 Februari 2021 alikaa mwenyewe kwenye mkeka bila mto. Tarehe 30 Mei mwaka huohuo alisimama kwa kushika stuli, ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani. Zote ninazo kichwani na sijaandika hata moja.

Mume wangu hana hata moja. Mwaka jana asubuhi ya tarehe 8 nilimuuliza, unajua leo ni tarehe ngapi? Akasema nane, mbolea inaletwa leo. Nikatoka nje nikaenda kuchota maji ambayo hayakuwa yanahitajika.

Mwaka huu familia imepanga kupeleka mahari ya shemeji yangu siku hiyohiyo ya Sabasaba, kwa kuwa ni sikukuu na kila mtu yuko huru. Nikasema kwa upole kama wanaweza kusogeza siku. Mama mkwe akaniambia, mwanangu, mtoto amepona, mambo hayo ukizidi kuyataja unayaita.

Kuna na hili. Binti ameanza kujipapasa. Ule mpira unapita nyuma ya sikio la kulia na kushuka shingoni, ukiweka kidole unausikia kama kamba ya kiatu chini ya ngozi. Juzi namsuka akaniuliza, mama, hii niliwekewa lini? Mdomo ukafunguka nitaje siku na saa. Nikaona shingo yake ilivyo nyembamba pale katikati ya mapaja yangu, nikasema, ulipokuwa mdogo.

Naomba wenye watoto kama wangu mniambie. Mnazikumbuka hivi hivi? Mnazifanyia nini zikifika? Na mtoto nimwambie?

---

Mama Kalenda (Mwanza)

Pole dada, na hongera pia, maana umemfikisha miaka sita.

Mimi wangu wa kiume ana selimundu, ana miaka tisa. Sikuwa na kichwa kama chako, nilikuwa nasahau, kwa hiyo nilianza kuzungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda ya parokia iliyoko jikoni. Amelazwa, nazungushia. Ameongezewa damu, nazungushia na kuweka msalaba. Bandama imevimba, naandika B. Mwaka ukiisha nilikuwa natupa kalenda. Mwaka 2021 ilikuwa na miduara saba na sikuweza kuitupa, nikaikunja nikaiweka chini ya godoro.

Alipoanzishiwa dawa ya haidroksiurea daktari aliniuliza baada ya muda, mama, unaona mabadiliko? Nikashindwa kusema, maana kwangu kila maumivu ya yule mtoto ni mabaya zaidi ya yaliyopita. Kliniki iliyofuata nikazibeba kalenda zote nikazitandaza mezani kwake. 2021 saba, 2022 minne, 2023 miwili. Daktari alizihesabu kwa kidole moja moja, kisha akaniomba azipige picha.

Kwa hiyo mimi nasema andika. Za kichwani ni zako wewe mwenyewe, ila siku umeugua malaria umelala hujitambui, nani atamwambia daktari? Chukua kadi ya kliniki, gamba la nyuma kwa ndani, andika tarehe zote za mpira. Piga picha, weka kwenye simu ya mumeo na ya dada yako.

---

Mtumishi K.

Dada, pole na safari. Mimi nitatofautiana kidogo na wengine, usinielewe vibaya. Mama mkwe wako ana hoja. Mungu ameshamponya mtoto. Ukirudi kila mwaka kwenye koridoni ile unajitesa na unamrithisha binti hofu isiyo yake. Nenda kwenye mahari, vaa vizuri, imba. Yaliyopita yamepita.

---

Nesi Mstaafu (Dodoma)

Marahaba mwanangu.

Nimefanya kazi wodi za watoto miaka mingi. Nianze na lako la mwisho kwa sababu ndilo kubwa. Mwambie mtoto. Mtoto mwenye shanti akiletwa usiku anatapika, maswali ya kwanza tunayouliza ni haya: iliwekwa lini, ilibadilishwa lini mara ya mwisho, na safari iliyopita iliposumbua ilianzaje. Mpira ambao una miezi miwili na mpira ambao una miaka mitano hautuhangaishi kwa namna moja. Ukiwa mpya tunawaza sana maambukizi. Tarehe inatufanya tujue pa kuanzia. Kuna mama alinijibu "zamani kidogo" na nililala na neno hilo siku nyingi, sikumlaumu, alikuwa amechanganyikiwa. Sasa binti yako ana miaka sita, keshokutwa yuko bweni, kichwa kinamuuma saa sita usiku na wewe uko Njombe. Anatakiwa aweze kusema mwenyewe, nina shanti, upande wa kulia, iliwekwa Julai 2019, ilibadilishwa Novemba 2020.

Siku hizi wapo pia ambao hawawekewi mpira kabisa. Wanafunguliwa njia ya maji ndani kwa ndani kwa kamera ndogo, namna ambayo Dk. Benjamin Warf aliiendeleza pale hospitali ya CURE, Mbale, Uganda, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kuona watoto wanarudi kijijini na mpira ukiziba hospitali iko mbali mno. Nao tarehe yao inatakiwa, kwa kuwa njia hiyo nayo huweza kujifunga. Kwa hiyo yeyote mwenye mtoto wa kichwa maji anayesoma hapa, ajue mwanawe alifanyiwa kipi na lini.

Mtumishi, nakuheshimu, lakini hata Pasaka ni kumbukumbu ya usiku mmoja. Na neno "amepona" tulitumie kwa uangalifu. Mpira uko pale, unafanya kazi saa hii mtoto amelala. Mama anayeangalia si mama mwenye hofu.

Kuhusu kifua kujaa, mwanangu, hujachanganyikiwa. Nimewaona kina mama wengi, mwezi ule ukirudi tumbo linaharisha, usingizi unakata, na mwenyewe hajui kwa nini mpaka atazame kalenda. Ikipita yenyewe baada ya siku chache, ipe nafasi ipite. Ikikaa wiki na wiki, huli, hulali, hutaki mtoto atoke nje, hapo nenda ukaonane na mtu wa afya ya akili hospitalini, usione haya.

---

Bint Kusi (Unguja)

Assalaam aleikum. Dada yangu wa Njombe, nimeisoma hiyo ya kumgeuza asinuse maziwa nikaweka simu chini.

Wangu alikuwa na tundu kwenye moyo. Alikaa nasi miaka minne. Alifariki mwezi 27 Rajabu, mwaka 1440, asubuhi baada ya usiku wa Miraji, watu wametoka msikitini wako macho bado. Mwaka ule ilikuwa mwanzo wa Aprili, masika yanaanza, kaburi lilikuwa na maji na kaka yangu aliingia mwenyewe kuyateka kwa kopo la rangi.

Nataka kukwambia kitu ambacho sijapata kumwambia mtu. Kwa kuwa mimi naihesabu kwa mwezi, siku yangu inahama. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwaka huu imeangukia Januari, jua kali, kaskazi inavuma, embe kila pahala. Hapakuwa na mvua ya kunikumbusha, wala ule udongo haukunuka. Nikakaa barazani nikamsomea nikiwa mkavu kwa mara ya kwanza, na nikayakumbuka mambo yake mengine, alivyokuwa akiniita kwa jina langu kama baba yake anavyoniita. Wewe siku yako inakuja na sakitu ileile, redio ileile, Sabasaba ileile. Ndiyo maana inakupiga.

Siwezi kukwambia uhamie mwezi wetu. Ila chagua kitu kimoja ufanye siku hiyo ambacho mwaka ule hukukifanya. Mimi hupika visheti nikawapa watoto wa chuoni. Si hitima wala si jambo kubwa. Napika tu, mikono inakuwa na kazi.

Na mtoto wako yupo. Mchukue umbusu hapo nyuma ya sikio, kwa niaba yangu.

---

Baba Njiti (Iringa)

Shemeji wa Njombe, sisi ni majirani. Naandika kama mwanaume mmoja, labda nikusaidie na huyo mzee wako.

Wetu wa mwisho alizaliwa gramu 1,100. Tulimbeba kifuani kwa zamu, ile ya kangaruu, mimi nimevua shati, yeye amelala hapa chini ya kidevu, mwepesi kama mkate. Mke wangu ana tarehe zote kama wewe. Mimi ukiniuliza alitoka lini hospitali nitakwambia mwezi wa tisa, ukinibana sana nitakosea. Kwa miaka miwili aliniona sina moyo.

Lakini nikiingia popote nikakuta kile kipande cha pamba yenye spiriti, magoti yanalegea. Kwenye pochi yangu nina risiti ya soda na maandazi, imefutika haisomeki, niliinunua asubuhi walipotuambia amefikisha kilo moja na nusu. Mke wangu aliiona siku anatafuta chenji, akataka kuitupa, nikamfokea. Ndipo tukaongea.

Usimuulize tarehe ngapi. Muulize siku ile mtoto anaingia chumba cha upasuaji yeye alikuwa amesimama wapi.

---

Mama wa Sakitu (Njombe), 9 Julai 2025

Wapendwa, nimerudi. Asanteni sana, wote, na Mtumishi pia, najua ulisema kwa nia njema. Bint Kusi, nimembusu pale ulipotaka. Pole mno kwa mwanao.

Mahari ilipelekwa Sabasaba kama walivyopanga na nilikwenda. Nilivaa kitenge kipya, nikabeba ndizi kichwani na wenzangu. Usiku sikulala. Ila safari hii nilikuwa na gamba la kadi na kalamu, nikaandika zote, Mama Kalenda, mpaka ile ya stuli. Nesi, namba ya kwanza niliyomtumia picha ni ya mume wangu. Aliiona asubuhi tunakunywa chai, akaisoma kimya, akaweka simu mfukoni.

Nikamuuliza kama Baba Njiti alivyonielekeza. Siku ile, tarehe 8, wewe ulikuwa umesimama wapi?

Hakujibu. Akamaliza chai, akamshika binti mkono, akaniambia twende. Tukapanda mpaka shamba la juu. Huku kuna kisiki cha mlingoti, yaani mkaratusi, kikubwa, kipo katikati ya shamba, kila msimu namwambia king'oe, kinakula mistari mitatu ya viazi. Kila msimu anasema mwaka kesho. Akasimama kando yake. Akasema, hapa. Wakati ule mtandao wa simu kwetu ulikuwa haukamati popote isipokuwa hapo kwenye kisiki, ukipanda juu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Alipanda saa tatu asubuhi nilipomtumia meseji kwamba wamemchukua, na hakushuka. Salio hakuwa nalo, kwa hiyo hakuweza kunipigia, angeweza kupokea tu. Mkubwa wetu alikuwa anazunguka chini anaomba uji, naye anamwambia subiri, baba, subiri. Saa saba ikaingia meseji yangu, ametoka, anapumua vizuri. Anasema alikaa chini pale juu ya kisiki na miguu ikakataa, mpaka yule mtoto wa miaka minne akapanda kumvuta shati.

Miaka sita analima kwa kukizunguka, na mimi nilidhani ni uvivu.

Binti alikuwa ameshakaa juu ya kisiki, miguu inaning'inia. Akauliza, mlikuwa mnanisubiri mimi? Baba yake akasema ndiyo, walikuwa wanakuwekea mpira wako. Akajipapasa shingoni. Akauliza, na mama alikuwa wapi? Nikamwambia. Nikamweleza habari za maziwa na kanga, kwa maneno madogo, na namna nilivyomgeuza asinuse. Alisikiliza sana. Nilitegemea aogope. Akauliza swali moja tu, niliporudi ulinipa?

Nikamwambia nilikupa, saa kumi jioni walipokuruhusu.

Baba yake akasema, saa kumi na nusu. Uliniandikia.